Ngamia wa Nukta Arobaini na Moja

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mulei amemfunika ng'ombe wangu. Fahali mwekundu niliyemchora mwenyewe kwenye ukuta wa bucha yake — shingo nene, jicho linalokutazama mpaka unanunua nusu kilo. Miaka tisa amesimama pale. Leo juu yake kuna bango la plastiki kutoka kwa Kiilu, na kwenye bango kuna ng'ombe wa maziwa. Mweusi na mweupe, kiwele kimejaa! Bucha yenyewe inauza nyama, si maziwa.

Nikamuuliza Mulei kama siku hizi anakamua. Akasema ni digital, Mama Rashid, hata ukiwa kwa highway unaiona clear. Kweli. Kila anayepita Sultan Hamud sasa anaona waziwazi kwamba mwenye bucha hajui anauza nini.

Na huyo Kiilu. Mwaka juzi alikuwa anauza chaja na earphone. Amenunua printa kubwa, sasa anajiita studio. Hajawahi kushika brashi, hata ya viatu — ukimtazama miguuni utaamini.

Lakini Mungu yupo. Kiilu amewatengenezea watu wa Abdinoor kofia. Abdinoor ndiye mteja wangu mkubwa, mfanyabiashara wa mifugo: malori tisa, duka hapa, duka Kwa Vonza, na la tatu linafunguliwa Kambu mwezi huu. Alama yake ni ngamia, nimemchora mimi tangu lori la kwanza mwaka 2014. Kiilu hakuniuliza. Akachukua ngamia wa bure kwenye mtandao. Ana nundu mbili! Watu waliokunywa maziwa ya ngamia kabla hawajaota meno, unawavisha mnyama wa nchi za baridi. Makuli wamekataa kuzivaa. Nimecheka peke yangu dukani mpaka nikakaa chini.

Jumanne, 2 Septemba

Abdinoor alikuja baada ya Alasiri. Akakaa juu ya mkebe wa rangi, akaiweka ile kofia sakafuni katikati yetu. Nikaendelea kukoroga rangi. Nilikuwa nafurahia.

Akasema, "Mama Rashid, nataka ngamia yangu."

Nikamwambia alikuwa naye siku zote.

"Niko na tisa. Hakuna mbili zinafanana. Watu wananiuliza kama ni kampuni moja ama tisa."

Nikamjibu kwamba kila ngamia ana tabia yake. Hakucheka. Anataka mmoja tu, wangu, lakini awe sawasawa kila mahali — kwenye lori, muhuri, kofia, karatasi. Na kwa hilo lazima awe vekta. Hilo neno amelitoa kwa bintiye kaka yake, Filsan, aliyesomea mambo hayo Nairobi na sasa ameajiriwa na Kiilu. Eti niende nikae naye tumtengeneze. Mimi, kwa Kiilu!

Halafu akaongeza jambo jingine kwa upole, kama anayenipa zawadi. Ukuta wa Kambu, ule mkubwa unaotazama barabara ya Mombasa, hautabandikwa stika. Nitauchora mimi, kwa mkono, tarehe ishirini, wageni wakiangalia. Amekuwa akiwaambia kwa miaka kumi na moja kwamba ngamia wake anachorwa na Mama Rashid bila kupima na bila kufuta.

Nikakubali. Kazi gani nyingine imebaki mji huu?

Hapa naweza kuandika kwa sababu hakuna anayesoma. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza Ramadhani, nikadhani ni njaa. Ramadhani ikaisha, haukuacha. Lori la tisa nililichora Juni kwa siku tatu badala ya moja, nikiwa nimefunga geti la yadi nikisema rangi haitaki vumbi. Hajui mtu. Rashid mwanangu pia hajui. Ukuta wa Kambu una urefu wa mita sita.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya kwanza kwa Kiilu. Kunanuka plastiki iliyoungua. Mlangoni kuna karatasi imebandikwa, maneno matatu yenye aina nne za herufi. Kiilu akanikaribisha kwa kelele, akiniita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, hatimaye umekuja kwa future!" Nikapita.

Filsan ana miaka kama ishirini na tatu. Miwani, sauti ndogo, haondoi macho kwenye kioo. Ananiita Anti. Kofia zile zilichapwa siku ambayo hayuko, anasema, na nikaona aibu halisi usoni pake. Nikampa alama moja kati ya kumi.

Akafungua picha ya bango la Mulei, akaikuza. Ng'ombe akavunjika vimraba vimraba kama vigae vya bafu. Hiyo ndiyo picha ya kawaida, akasema, ukiikuza inaoza. Kisha akafungua herufi moja, A, akaikuza mpaka ukingo wake ukajaa kioo kizima. Bado mkali, bado safi.

"Hii si picha, Anti. Ni maagizo. Nimeiambia anzia hapa, pinda hivi, malizia pale. Ukiikuza, inachora tena upya."

Nikamuuliza inaweza kukua mpaka wapi. Akasema hata iwe kama kilima cha Nzaui, haipasuki. Na faili yake ni nyepesi kuliko picha ya pasipoti.

Basi hiyo ndiyo siri yote! Nilimwambia kitu kinachoweza kuwa na ukubwa wowote hakina ukubwa wake. Ngamia wa lori namnenepesha miguu, kwa sababu anaonekana akikimbia. Ngamia wa ukutani namkuza kichwa, kwa sababu unamtazama kutoka chini. Kompyuta yake inajua mtu anasimama wapi? Nilitegemea atabishana. Alichukua kalamu akayaandika hayo. Sikupenda.

Jumamosi, 6 Septemba

Ningejua nisingekwenda.

Filsan alikuwa amewapiga picha ngamia wangu watatu — wa lori la kwanza, wa duka la Kwa Vonza wa 2019, na wa Juni. Kompyuta ina njia ya kufuata mstari yenyewe, unabonyeza mara moja tu. Wavivu huishia hapo, alisema, yeye huitumia kuangalia tu. Mstari ukishafuatwa unajaa nukta. Penye mkunjo safi zinatosha mbili tatu. Penye kusitasita zinajaa kama siafu.

Lori la kwanza: nukta hamsini na nane. Kwa Vonza: sitini na tatu. Filsan akatikisa kichwa taratibu. Akasema watu wanaosoma miaka mitatu hawawezi kupata mgongo kama ule. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Alama tatu kati ya kumi.

Wa Juni: mia tatu na kumi na mbili.

Printa ya Kiilu ikawa inasaga nyuma yetu. Shingo yote ya ngamia ilikuwa imefunikwa, huwezi kuona shingo. Filsan akasema labda ni vumbi kwenye picha. Akakuza. Haikuwa vumbi.

Nikasema lori lilikuwa linanguruma, dereva alikataa kuzima injini. Uongo ulitoka bila kuombwa. Mkono niliuingiza ndani ya buibui. Naye alitazama pale ulipoingia, kisha akageukia kioo chake, akafunga ile picha.

Kompyuta mshenzi. Imenihesabia.

Jumapili, 7 Septemba

Sijatoka. Nimemwambia kila aliyepiga simu kwamba nina mafua.

Filsan ataenda kumwambia ami yake. Nani asingesema? Damu yake ni ya Abdinoor, mimi ni mwanamke tu wa kopo la rangi. Abdinoor atanionea huruma, ataniletea sukari na unga, na ukuta wa Kambu utabandikwa stika. Sitaki huruma ya mtu. Naogopa. Nimeandika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi. Tarehe ishirini haisogei.

Hajasema. Nilimwona Abdinoor nje ya msikiti jana, akaniuliza tu kama msichana ana adabu.

Leo Filsan amenipa kalamu yenyewe. Si kalamu, ni kipanya cha kompyuta, lakini wanaiita hivyo. Huchori. Unaweka nukta, kisha kila nukta inatoa mikono miwili, unaivuta na mstari unapinda wenyewe. Kanuni yake ni moja: weka nukta pale tu mstari unapobadilisha nia. Nukta nyingi ni uoga, alisema. Kiilu mlangoni akasema yeye huweka nyingi ili iwe detailed. Sote wawili tukamtazama, na nadhani kwa jicho moja.

Nilimchora shingo. Nukta ya kwanza chini ya sikio, ya pili kooni, ya tatu kifuani. Mkono ulitetemeka njia nzima kati ya moja na nyingine, na mstari haukujali! Haujui nilivyofika. Unajua nimefika tu. Nikavuta, ukapinda, na ile shingo ilikuwa yangu, ya 2014, iliyosimama vilevile kwa majivuno. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Kisha akanionyesha kubadilisha rangi kwa kubonyeza. Ngamia wa kijani. Upuuzi mtupu. Nilimbadilisha mara sita.

Nukta hizi nilikuwa nazijua. Baba alikuwa akichora kwanza kwenye karatasi ya khaki, anatoboa mstari kwa sindano, anaibandika ukutani na kuipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa chaki. Ukiiondoa, nukta zimebaki ukutani, unaziunganisha kwa brashi. Nilipofika miaka thelathini niliitupa sindano yake. Nilimwambia nukta ni za wasiojua wanakoenda. Alinitazama tu yule mzee Musa, akaendelea kutoboa. Nilidhani hana la kunijibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kiilu ametengeneza bango la mazishi lenye maua ya katuni na puto. Puto! Mwenye msiba amelichukua na kushukuru. Hapo ndipo tulipofika.

Nilimpitia Filsan nyumbani kwao kuchukua karatasi. Alikuwa anampaka hina bibi harusi, jamaa yao kutoka Mwingi. Sikuwa najua anapaka. Mstari mmoja kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, bila kuinua, bila pumzi. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichojia.

Nikamwambia maua yake ni makubwa mno. Si kweli.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimejaribu kwenye ukuta wa nyuma ya stoo yangu. Ngamia mzima, ukubwa wa nusu, brashi ya baba — ile nyembamba ya nywele laini, mpini wake umevunjika na kufungwa uzi. Hajawahi kuishika mtu tangu alipofariki, hata Rashid namkataza.

Niliegemeza mkono kwenye fimbo. Nikaubana kwa mkono wa kushoto. Nikakunywa chai, kisha nikajilaumu kwa chai. Mgongo ulipita salama. Shingoni mkono ukaanza. Ngamia anaonekana amenyeshewa na anatetemeka kwa baridi. Nimempaka chokaa mwili mzima kabla ya majirani kuamka vizuri.

Nililia, na nilikasirika kwamba nalia.

Jumatano, 17 Septemba

Vekta imekamilika. Nukta arobaini na moja. Filsan alihesabu mara mbili, kisha akasema tusiondoe tena hata moja. Ametengeneza pia wa pili kwa ajili ya Kambu, kichwa kimekuzwa kidogo, shingo imerefushwa — yale niliyosema siku ya kwanza kuhusu mtu anayetazama kutoka chini. Alama nane. Sitamwambia.

Kofia mpya zimetoka. Nundu moja. Makuli wamezivaa hata wanapolala garini mchana. Kiilu anasema hata yeye angeiweza, ni time tu hakuwa nayo. Akamshauri Abdinoor achape stika ya ukutani, atamalizia kwa saa moja. Abdinoor akamjibu kwamba stika ni ya mtu ambaye hana mchoraji.

Akanigeukia akatabasamu. Nikatabasamu.

Jioni nilimwambia Filsan kuhusu karatasi ya baba na sindano. Nilimwambia kama hadithi ya zamani tu. Akasimama palepale. Akamchapa ngamia wa Kambu vipande vipande, kipimo kamili cha ukuta, akaviunganisha kwa tepu sakafuni kwao. Alitoboa matundu kwa sindano ya mama yake mpaka kidole kikatoka damu. Mtu amesoma kompyuta Nairobi na amerudi kwenye sindano ya mzee Musa. Ningecheka kama isingenihusu.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala tulijaribu kile kipande cha karatasi cha shingo peke yake nyuma ya stoo. Karatasi, kitambaa, chaki. Nukta zikakaa ukutani vizuri, nyeupe, kila moja mahali pake. Nikachovya brashi.

Nilidhani nukta zitanishika mkono. Hazishiki. Kompyuta inavuka kutoka nukta hii hadi ile bila kuwa na mwili. Mimi nina mwili. Katikati ya nukta mbili mstari ulitetemeka kama Juni.

Filsan hakusema ni vumbi. Alisema, "Anti, imeanza lini?"

"Ramadhani."

Mtu wa kwanza kumwambia, na ni mfanyakazi wa Kiilu! Akasema hajamwambia ami yake na hatamwambia, hiyo ni yangu kusema. Akasema lazima nikaonwe na daktari, atanisindikiza hospitali mjini Wote wiki ijayo kama sitaki Rashid ajue. Nikamwambia afagie ile chaki.

Nilimpa brashi akaioshe kwa tapentaini. Nimempa mwenyewe, sijui kwa nini. Aliishika kama anavyoshika hina, wima, kwa vidole vitatu. Nikamwambia hiyo siyo hina. Hakuiosha. Aliinua mkono, akavuta mstari kutoka nukta hadi nukta, pembeni ya ule wangu. Mmoja. Kisha akanitazama kama aliyevunja sahani.

Ulikuwa mzito kidogo mwishoni. Nilimwambia hivyo. Mengine sikumwambia.

Jumamosi, 20 Septemba

Kambu. Saa nne asubuhi. Nimekaa juu ya mkebe, nasubiri rangi ya ukanda wa chini ya ukuta ikauke. Upande huu wa barabara wanauza vitunguu na matikiti, wameacha meza zao kuja kuangalia ukuta mtupu. Wamewekewa viti. Kuna hema. Kiilu amekuja na kamera, eti ya kumbukumbu. Amevaa kofia mpya ya ngamia.

Chaki imeshapigwa. Ngamia mzima yuko pale juu kwa nukta tu, ukimjua unamwona, usipomjua ni ukuta mchafu. Kichwa kiko sawa kabisa kwa mtu anayetazama kutoka chini. Nilisema kweli siku ile.

Mkono leo mbaya kuliko jana. Ndiyo maana maandishi haya yako hivi.

Ninayo maneno tayari. Nitasema namfundisha mwanafunzi wangu, hivyo ndivyo mafundi wakubwa hufanya, mimi nitasimama chini nimwelekeze. Ni uongo mzuri. Abdinoor ataufurahia, ni damu yake. Atawaambia wageni. Miaka kumi na moja mingine. Na Kiilu atapiga picha, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni ya ngazi nikinyoosha kidole, kidole chenyewe kinacheza.

Au niseme ukweli. Huo hauna maneno tayari.

Rangi imekauka, nimeigusa. Gari jeupe la Abdinoor limekata kona, anashuka, anaamkuana na wazee kwa mikono miwili, anatafuta mahali nilipo. Amenipungia. Anakuja.

Filsan ameshuka kwenye ngazi. Amesimama mbele yangu. Ameunyoosha tu mkono, kiganja juu, hapa karibu na daftari. Brashi ya baba iko mapajani mwangu. Vidole vyake bado vina hina ya harusi ya watu, na tundu la sindano kwenye kidole cha shahada.

Nautazama mkono wake. Hautikisiki hata kidogo. Ami yake yuko hatua kumi.